Jumla zinaonekana, fomula haipo: jibu kwa karani wa SACCOS

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni karani wa SACCOS ya watumishi huku Morogoro. Daftari letu la wanachama lipo kwenye Excel. Aliyenitangulia aliweka fomula ya DATEDIF kupata umri wa mwanachama na muda aliokaa chamani, lakini nikiitafuta kwenye orodha ya fanksheni siioni, na mwanachama mmoja anaonekana ana siku -2. Mweka hazina wetu anatumia Google Sheets. Nikipakua faili lake, jumla za malipo hazibadiliki hata nikiongeza malipo mapya. Mjumbe mmoja wa kamati ya mikopo ana LibreOffice, na kwake baadhi ya seli zinaandika #NAME?. Juu ya hayo, namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa) za wanachama wengi sasa zinaishia na sifuri tano. Tatizo ni kompyuta zetu au ni mafaili?

Jibu:

Marahaba dada. Kompyuta zenu ni nzima. Matatizo yako manne yana vyanzo tofauti, na nitaanza na lile ulilolitaja mwisho, kwa sababu hayo mengine yanarekebishika humo humo kwenye faili, lakini hili la NIDA kila siku inayopita linazidi kuwa gumu.

Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote ile. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Ukiiandika mfululizo, bila vistari, kwenye seli ya kawaida, Excel inadhani umeandika kiasi cha kuhesabia. Inashika tarakimu 15 za mwanzo, na tano za mwisho inazifanya sifuri. Kwenye skrini inatokea kitu kama 1.99001E+19. Wengi wakiona hivyo hubadilisha muundo wa seli kuwa Number, namba inarudi kuwa ndefu, nao wanaridhika kwamba imepona. Haijapona. Zile tarakimu tano zimeshatoka, na hakuna kitufe cha kuzirudisha. LibreOffice na Google Sheets nazo hutunza namba kwa mtindo huo huo, kwa hiyo kuhamia huko hakusaidii.

Kwa hiyo leo, kabla ya jambo jingine lolote, tafuta nakala ya zamani ya daftari: kwenye flashi, kwenye barua pepe ulizowahi kumtumia mkaguzi, kwenye kompyuta ya aliyekutangulia. Kama wanachama waliletwa kwa faili la CSV, yaani la maandishi matupu, usilibonyeze mara mbili kulifungua. Ndani ya CSV yenyewe namba bado ni kamili. Zinaharibika pale Excel inapoifungua na wewe ukahifadhi juu yake. Anza na kitabu kipya cha Excel, nenda menyu ya Data, chagua From Text/CSV, na kabla ya kupakia hakikisha kolamu ya NIDA imewekwa kuwa Text. LibreOffice ina wepesi zaidi hapa: ukifungua CSV inakuletea kwanza dirisha la kuuliza, unabofya kichwa cha kolamu na kuchagua Text. Wale ambao namba zao hazipatikani kwenye nakala yoyote, itabidi urudi kwenye fomu za karatasi au uwaombe vitambulisho. Usijaribu kukisia.

Kuanzia sasa andika namba ya NIDA pamoja na vistari vyake, kama ilivyo kwenye kitambulisho. Vistari vinailazimisha programu iione kuwa maandishi, na maandishi hayapunguzwi. Mtu asije akaviondoa kwa Find and Replace, maana seli ya kawaida ikibaki na tarakimu tupu inageuka namba pale pale na hasara ni ile ile. Kama kuna mahali mnatakiwa kupeleka bila vistari, vitoe kwa fomula kwenye kolamu ya pembeni:

=SUBSTITUTE(A2,"-","")

Jibu la SUBSTITUTE ni maandishi, linabaki na tarakimu zote 20.

Kuna mtego mwingine hapo ambao watu wachache wanaujua. Ukitaka kukagua kama mwanachama ameandikwa mara mbili, utatumia COUNTIF, ile ya kuhesabu seli zinazofanana, si ndiyo? COUNTIF ikikuta maandishi ambayo ni tarakimu tupu, inayageuza kuwa namba kwanza ndipo ilinganishe, na hapo ukomo wa tarakimu 15 unarudi kwa mlango wa nyuma. Watu wawili ambao tarakimu zao 15 za mwanzo zinafanana watahesabiwa kuwa mtu mmoja. Namba ikiwa na vistari, COUNTIF haina la kugeuza. Ikiwa haina vistari, tumia:

=SUMPRODUCT(--($A$2:$A$800=A2))

Hii inalinganisha herufi kwa herufi.

Tatizo hili si lenu peke yenu. Wataalamu wa jeni duniani waliteseka miaka mingi kwa sababu Excel iligeuza majina ya jeni kama MARCH1 na SEPT1 kuwa tarehe, hadi mwaka 2020 kamati inayosimamia majina hayo ikakubali kuyabadilisha: MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT1 ikawa SEPTIN1. Sayansi ilibadilisha majina yake ili yapite salama ndani ya Excel. Mwaka 2023 ndipo Microsoft ilipoweka kwenye Excel ya Microsoft 365 sehemu ya kuzima ugeuzaji huu, ukiwemo ule wa namba ndefu. Kama ofisi yenu ina toleo hilo, ingia File, Options, Data, utafute Automatic Data Conversion, uzime.

Sasa tuje kwenye faili la mweka hazina. Hapa nitakaa kidogo, maana ukilielewa hili umeelewa zaidi ya nusu ya matatizo yote ya kuhamisha mafaili.

Faili la .xlsx kwa kweli ni kifurushi cha zip chenye mafaili madogo ya maandishi ndani yake. Fanya nakala, badilisha mwisho wa jina kutoka .xlsx kuwa .zip, ifungue, ingia folda ya xl kisha worksheets, utakuta sheet1.xml. Ndani yake kila seli yenye fomula imeandikwa hivi:

<c r="E2"><f>SUMIF(Malipo!A:A,A2,Malipo!D:D)</f><v>450000</v></c>

Angalia vizuri. Kuna f na kuna v. Ya kwanza ni fomula, ya pili ni jibu lililopatikana mara ya mwisho mtu alipohifadhi. Vyote viwili vinasafiri pamoja. Programu inayofungua faili inaweza kukokotoa fomula upya, au ikaonyesha tu lile jibu lililohifadhiwa. Hapo ndipo penye hatari: kama fomula haieleweki, imeondolewa au imebadilishwa, bado jibu la zamani linaweza kubaki kwenye seli likionekana zima kabisa. Macho hayawezi kutofautisha 450,000 iliyokokotolewa leo na 450,000 iliyoganda tangu mwezi wa tatu.

Google Sheets ina fanksheni ambazo Excel haina, kama QUERY (ya kuchuja na kujumlisha data) na IMPORTRANGE (ya kuvuta data kutoka faili jingine). Mweka hazina wako bila shaka anajumlisha malipo kwa QUERY. Anapopakua kama .xlsx, Google haiwezi kuandika QUERY ndani ya faili la Excel, kwa hiyo inaandika kitu kingine. Bofya moja ya zile seli zisizobadilika, usome kwenye upau wa fomula juu. Nina hakika utakuta mfano wa hii:

=IFERROR(__xludf.DUMMYFUNCTION("""COMPUTED_VALUE"""),450000)

Isome pole pole. Hakuna fanksheni inayoitwa DUMMYFUNCTION kwenye Excel. Imewekwa makusudi ili ilete kosa. IFERROR inalidaka hilo kosa na badala yake inatoa kilichoandikwa baada ya koma, yaani 450000. Namba hiyo imeandikwa kwa mkono wa programu siku ile faili lilipopakuliwa. Ongeza malipo mia, haitasogea hata shilingi, na wala haitakuonyesha kosa lolote. Kwenye seli ya kwanza kabisa ya jedwali hilo utaikuta QUERY yenyewe imefungiwa ndani ya alama za kunukuu, kwa hiyo angalau utaweza kuona alikuwa anakokotoa nini.

Kwa chombo kinachoshika fedha za watu naliona jambo hili ni zito. Kosa linalopiga kelele, kama #NAME?, linakulazimisha utafute sababu. Namba iliyoganda inapita kwenye kikao, inasainiwa, inaingia kwenye taarifa ya mwaka.

Jambo la namna hii limewahi kutokea kwa mapana zaidi. Muundo wa ODF, ule wa .ods unaotumiwa na LibreOffice, ulipitishwa na ISO, shirika la viwango la kimataifa, mwaka 2006 bila kueleza fomula ziandikweje. Kila programu ikaandika kwa namna yake. Mwaka 2009 Microsoft ilipoipa Excel 2007 uwezo wa kufungua .ods, Excel ilipokutana na fomula za programu nyingine ilizitupa na kubakiza majibu matupu. Watu walifungua majedwali yao wakaona namba zote zipo, kumbe hakuna hata seli moja inayokokotoa. Mpaka mwaka 2011, ODF 1.2 ilipokuja na lugha ya pamoja ya fomula, ndipo kilio hicho kikapungua. Leo Excel ya kisasa na LibreOffice zinasomana kwa .ods vizuri zaidi, ila bado ningekushauri ubaki na .xlsx kama faili mama, maana ndilo ambalo programu zote tatu mnazotumia zimezoeana nalo zaidi.

Kwa jumla za malipo, mwombe mweka hazina aiache QUERY na atumie SUMIF ya kawaida:

=SUMIF(Malipo!$A$2:$A$5000,A2,Malipo!$D$2:$D$5000)

Kolamu A iwe na namba ya uanachama yenu, ile fupi, wala si ya NIDA, kwa sababu SUMIF ina tabia ile ile ya COUNTIF niliyokueleza. SUMIF ipo kwenye Excel, LibreOffice na Google Sheets, na kote inajibu sawasawa.

Kabla ya kuliamini faili lolote lililotoka kwenye programu nyingine, bonyeza Ctrl+F na utafute maneno mawili: DUMMYFUNCTION na _xlfn. Kwenye Options za dirisha hilo hakikisha Look in imewekwa Formulas na Within imewekwa Workbook. Kisha lazimisha kila kitu kikokotolewe upya: Ctrl+Alt+F9 kwenye Excel, Ctrl+Shift+F9 kwenye LibreOffice. Hii ya LibreOffice ni muhimu, kwa kuwa kwa kawaida haikokotoi upya faili la Excel inapolifungua. Inaamini yale majibu yaliyomo. Mjumbe wako akitaka iwe inakokotoa kila mara, aingie Tools, Options, LibreOffice Calc, Formula, na pale penye Recalculation on File Load achague Always kwa mafaili ya Excel.

Hiyo _xlfn inatupeleka kwenye #NAME? ya mjumbe. Fanksheni mpya Excel huziandika ndani ya faili zikiwa na kiambishi hicho mbele. Mara nyingi mhusika ni XLOOKUP, ya kutafuta kitu kwenye orodha na kuleta taarifa zake. Fanksheni hiyo haipo kwenye Excel 2016 wala 2019. Ilianzia Microsoft 365 na Excel 2021. Google Sheets iliipata mwaka 2022, na LibreOffice iliipata kwenye toleo la 24.8, lililotoka Agosti 2024. Mjumbe wako ana toleo la kabla ya hapo. Anaweza kusasisha bila kulipa chochote, na afanye hivyo, lakini huwezi kumlazimisha kila atakayepokea faili lenu. Mwenye Excel ya zamani ndiye anayepata shida mbaya zaidi: yeye anaona =_xlfn.XLOOKUP(...) na jibu la zamani limekaa vizuri tu, hadi siku atakapogusa seli ile ndipo inageuka #NAME?. Andika kwa fanksheni za kale ambazo zipo kila mahali:

=INDEX(Wanachama!$D$2:$D$800,MATCH(A2,Wanachama!$A$2:$A$800,0))

Ile 0 ya mwisho usiiache. Bila hiyo, MATCH inatafuta kinachokaribiana, na unaweza kumpa mwanachama salio la jirani yake kwenye orodha. VLOOKUP nayo ni vivyo hivyo: pasipo FALSE mwishoni, inakaribisha.

Sasa DATEDIF. Hukukosea kuitafuta usiione. Ipo, inafanya kazi, ila Excel haiionyeshi kwenye orodha ya fanksheni wala haikupendekezei unapoanza kuiandika. Ilitoka kwa Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyotawala miaka ya 1980, na Excel iliichukua ili mafaili ya Lotus yaweze kufunguka. Ikaelezwa kwenye msaada wa Excel 2000, kisha ikapotea tena kwenye maelezo, watu wakawa wanarithishana tu maofisini kama ulivyorithi wewe. Siku hizi Microsoft ina ukurasa wake kwenye mtandao, na humo humo inaonya kwamba kipimo cha "MD", kile cha siku zinazobaki baada ya miezi kamili, kinaweza kutoa jibu hasi, sifuri, au lisilo sahihi.

Hiyo siku -2 ni ya "MD". Na bila kuliona faili lako naweza kukuambia: mwanachama yule alijiunga tarehe 31, na hesabu ilifanywa kwa tarehe 1 Machi ya mwaka usio mrefu. DATEDIF inachukua 1 inatoa 31, inapata -30. Inaona ni hasi, kwa hiyo inaongeza siku za mwezi uliotangulia, Februari, ambazo ni 28. Zinabaki -2. Mwaka mrefu ingekuwa -1. Jibu hasi angalau linajitangaza. Jaribu 31 Mei mpaka 1 Julai, itakupa siku 0, na hiyo hakuna atakayeishtukia. Vipimo vya "Y" (miaka), "M" (miezi) na "D" (siku zote) havina ugonjwa huo, lakini ushauri wangu ni kuiondoa DATEDIF yote kwenye daftari la chama. Fanksheni ambayo mwenye programu mwenyewe anakuonya nayo haifai kuamua nani amefikisha muda wa kukopa, na watengenezaji wa programu nyingine hawalazimiki kuiga kila kasoro yake.

Badala yake, tuseme B2 ni tarehe ya kujiunga na C2 ni tarehe ya hesabu. Pata kwanza miezi kamili kwenye E2:

=(YEAR(C2)-YEAR(B2))*12+MONTH(C2)-MONTH(B2)-(DAY(C2)<DAY(B2))

Kile kipande cha mwisho kinatoa mwezi mmoja kama tarehe haijafika. Miaka ni =INT(E2/12), miezi inayobaki ni =MOD(E2,12), na siku ni:

=C2-EDATE(B2,E2)

Seli ya siku iweke muundo wa Number, la sivyo inaweza kukuonyesha tarehe ya Januari 1900. Kwa mfano, mwanachama aliyejiunga 31 Januari 2023, mpaka 1 Machi 2023 utapata mwezi 1 na siku 1. Kwa 31 Mei mpaka 1 Julai, vilevile mwezi 1 na siku 1. Aliyezaliwa 29 Februari atatimiza mwaka tarehe 1 Machi katika miaka mifupi. Kama katiba ya chama inasema vingine, mfuate katiba. Umri unapatikana kwa fomula hizo hizo ukiweka tarehe ya kuzaliwa kwenye B2. Usiwasikilize wanaogawanya siku kwa 365.25: kutoka 1 Machi 2022 hadi 1 Machi 2023 ni siku 365, ukigawanya unapata pungufu kidogo ya 1, na INT itasema mtu huyo hana hata mwaka mmoja.

Kabla hujashangilia, kagua tarehe zenyewe. Hapa ndipo naona daftari nyingi zimeharibika bila mtu kujua. Sisi tunaandika siku kwanza. Kompyuta nyingi zimekuja zikiwa na mpangilio wa Marekani, ambao mwezi ndio wa kwanza. Ukiandika 03/04/2024 ukimaanisha tarehe 3 Aprili, kompyuta hiyo inaandika 4 Machi. Ukiandika 25/04/2024, haioni mwezi wa 25, kwa hiyo inaiacha kama maandishi. Matokeo yake ni kolamu moja yenye tarehe sahihi, tarehe zilizopinduka, na maandishi yanayofanana na tarehe. Angalia upande zilipolalia: tarehe ya kweli hukaa kulia mwa seli, maandishi hukaa kushoto, isipokuwa kama mtu amezipanga kwa mkono. Zile zilizopinduka hazionekani kwa macho, ila una bahati moja: tarakimu nane za kwanza za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Namba ikiwa kwenye A2 kama maandishi:

=DATE(VALUE(LEFT(A2,4)),VALUE(MID(A2,5,2)),VALUE(MID(A2,7,2)))

Linganisha na tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa daftarini. Kila palipotofautiana, chukua fomu ya mwanachama uisome. Na kuanzia sasa andikeni tarehe kwa mtindo wa 2024-04-03, mwaka kwanza. Programu zote tatu zinausoma kwa maana moja, hata kompyuta iwe na mpangilio gani.

Hapo hapo nigusie CSV, maana ndiyo inayobebana na shida hii. Faili la .xlsx linatunza tarehe kama namba ya siku na majina ya fanksheni kwa Kiingereza hata kama Excel iko kwa Kifaransa, ndiyo maana mwenzako wa Bujumbura au Lubumbashi akilifungua linamkubali. CSV haina kinga hiyo. Ni maandishi matupu. Kwake koma ni ya desimali na vipande hutenganishwa kwa nukta mkato, kwako ni kinyume. CSV pia haibebi fomula hata moja, na sifuri ya mwanzo wa namba ya simu, 07 au 06, inadondoka mara Excel inapoifungua. Itumie pale tu mfumo mwingine unapoidai.

Kati ya fanksheni zilizofichwa umeniuliza DATEDIF tu, lakini huenda aliyekutangulia aliacha na nyingine zilizofichwa. Fungua Formulas, kisha Name Manager, uone kama kuna jina lenye GET.CELL au EVALUATE ndani yake. Hizo ni za makro za Excel 4.0, za mwaka 1992. Watu wanazipenda kwa sababu GET.CELL inaweza kusoma rangi ya seli, kwa hiyo mtu anapaka wekundu mikopo iliyochelewa halafu anajumlisha wekundu. Haziendi Google Sheets, na wahalifu walizitumia sana kupenyeza virusi, hivyo Microsoft ikazifunga kwenye Microsoft 365 mwanzoni mwa 2022. Ukizikuta, ongeza kolamu ya Hali, andika "Imechelewa" kwa maneno, na jumlisha kwa SUMIF. Rangi ibaki kuwa pambo.

Kama kuna ofisi inayowadai faili la .xls la zamani, wape, ila kumbuka ukomo wake ni mistari 65,536, wakati .xlsx inabeba 1,048,576. Huko Uingereza, mwaka 2020, majibu ya vipimo vya korona yalikuwa yanapitishwa kwenye mafaili ya .xls, mistari ilipojaa, iliyozidi ikaachwa nje kimya kimya, na wagonjwa 15,841 wakakosekana kwenye hesabu za kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba. Daftari la wanachama wenu halifiki huko, lakini orodha ya malipo ya miaka kumi inaweza kufika. Wajumbe wanaohitaji kusoma tu, wasiohitaji kuhariri, wapelekee PDF.

Jambo la mwisho lipo kwenye fomula ulizorithi. Aliyekutangulia bila shaka ameandika TODAY(), inayoleta tarehe ya leo, ndani ya kila moja. Ina maana taarifa uliyoichapa 31 Desemba, mkaguzi akiifungua mwezi wa tatu, umri na muda wa uanachama vitakuwa vimesogea, na hazitalingana na karatasi iliyosainiwa. Toa TODAY() kote. Weka tarehe ya taarifa kwenye seli moja, tuseme H1, kwa mkono, 2024-12-31, na kila palipokuwa na C2 kwenye fomula zangu andika $H$1. Mwaka unaofuata unabadilisha seli hiyo moja, unahifadhi kwa jina jipya, na la mwaka uliopita unaliacha kama lilivyosainiwa.